Naomba ushauri: seva ndogo ya nyumbani kwa video za familia na picha za simu (niko Moshi)

kijana_wa_soweto (Moshi)

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie mawazo maana nimeuliza watu watatu nimepewa majibu matatu. Kwenye ukoo wetu mimi ndo natunza kumbukumbu, kila sherehe ikiisha flashi inaishia kwangu, kwahiyo nina video za harusi, sendofu, kipaimara za wapwa, misa za shukrani, misiba, mpaka zile za babu anaelezea mipaka ya kihamba (shamba la ukoo) na nani alikaa wapi, ambazo sitazipata tena popote. Zingine ziko kwenye dividii za miaka ya 2000 kule, zingine kwenye hadidiski za nje tatu, ukijumlisha zote ni kama tera moja na nusu.

Ninachotaka ni hivi, Desemba ndugu wakipanda huku wote mtu akae sebuleni achague mwenyewe kwenye tivi anachotaka kuangalia bila kunitafuta mimi na flashi, alafu picha za simu yangu na ya mke wangu ziwe zinajihifadhi zenyewe nyumbani maana simu zinajaa kila mara na sipendi kulipia nafasi mtandaoni kila mwezi, na kama inawezekana wazazi walioko Machame na dada yangu aliye Dar nao waone. Tivi ya sebuleni ni LG ya 2021, ya watoto ni ya kawaida ina boksi la Android. Faiba ninayo. Umeme unakatika katika hasa mvua zikianza. Bajeti laki nane, mwakani naweza kuongeza.

Sasa ninunue boksi la NAS (la kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima kwa mtandao) lile la diski mbili, kompyuta ya mtumba, au Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya saizi ya kadi? Na kwa programu ya kuonyesha video kutoka kwenye seva, Jellyfin inafaa kweli au nichukue Plex?

---

fundi_kebo_AR (Arusha)

Aisee mkuu hongera kwa kutunza, familia nyingi hizo video zimeshapotea zote.

Kabla hujatoa hata mia kwenye hiyo laki nane anza na dividii. Dividii ya kuchoma siyo sawa na ile ya kiwandani, data inakaa kwenye tabaka la rangi lililochomwa na leza, na hiyo rangi inachakaa kwa joto na mwanga hata kama hakuna aliyeigusa. Zako zina miaka zaidi ya 15, inayofunguka leo ikopi leo. Chukua folda lote la VIDEO_TS weka kwenye hadidiski, ya safu moja haizidi giga 4.7, hata ukiwa nazo mia haifiki nusu tera. Ikigoma kwenye laptopu ijaribu kwenye kompyuta nyingine, hasa zile za mezani za zamani, visomeo havilingani uvumilivu na disiki iliyokataa huku inaweza kusomeka kule.

Kuhusu mashine. Watu wengi wanadhani seva ya video lazima iwe na nguvu sana, siyo kweli. Tivi ikiielewa faili kama ilivyo, seva inasoma tu diski na kutuma, hata kompyuta ya zamani inafanya hiyo kazi bila kupumua. Uzito unakuja pale tivi isipoielewa faili, hapo seva inalazimika kuigeuza video palepale wakati mtu anaangalia na ndo unaona inakwama kwama. Faili ya MP4 yenye video ya aina ya H.264 na sauti ya AAC inacheza karibu kila mahali, LG yako, boksi la watoto, simu, hata kwenye brauza. Zitakazokusumbua ni hizo za dividii maana ni MPEG-2, aina ya zamani, na zile zenye jina linaishia na MTS za kamera ndogo za zamani. Zipitishe kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, usiku umelala, na hakikisha ile sehemu ya kuondoa mistari umeiwasha, ukiangalia harusi za zamani bibi harusi akigeuka haraka unaona shela imekatika katika vimistari kama kitana, hiyo ndo inaondoka. Alafu faili la asili usilifute hata kama limegeuzwa vizuri, liweke folda lake.

Mimi ningechukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, zile Dell OptiPlex au HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, na siyo ile ndogo kabisa inayokaa nyuma ya skrini bali ile ya size ya kati. Ndogo kabisa inaingia diski ya inchi 2.5 tu na diski za inchi 2.5 zenye ujazo mkubwa karibu zote ni SMR, zinaandika kwa kupandishia mistari, ukizipa kazi ya kuandika vitu vingi kwa mkupuo zinapungua kasi mpaka unachoka. Ya kati inaingia ya inchi 3.5. Prosesa iwe Intel kizazi cha 7 na kuendelea, kuanzia hapo ile sehemu ya picha ndani ya prosesa inageuza mpaka video za HEVC ya biti 10, aina mpya na nzito zaidi, bila kuchosha mashine. RAM 8 inakutosha kuanzia, SSD ndogo ya mfumo, na hadidiski mpya moja ya tera 4. Ukipata mini PC yenye N100 nayo ni safi sana, prosesa yake imepangiwa wati 6 tu, shida yake ni hiyohiyo ya mahali pa kuweka diski kubwa.

Raspberry Pi 5 kwa kazi hii hapana, haina kabisa kifaa cha kugeuza video kwenda H.264, kila kitu kitafanywa na prosesa kwa nguvu.

Jellyfin chukua kwa roho safi. Ni ya bure, ilizaliwa mwisho wa 2018 wale jamaa walipojitenga na programu ya Emby baada ya kufunga msimbo wake (source code), na kwenye LG ipo dukani kabisa, kwenye boksi la Android pia. Plex ni nzuri lakini tangu Aprili 2025 kuangalia ukiwa nje ya nyumba ni ya kulipia, na wewe una mtu Dar.

---

chalii_sakina (Arusha)

Fundi nakuheshimu ila hapa napingana na wewe kidogo. Huyu ndugu kasema ni kumbukumbu za ukoo, hajasema anataka kujifunza Linux. Kompyuta ya mtumba ni nzuri kama mwenyewe upo, siku umesafiri wiki mbili na seva imegoma kuwaka nani ataishughulikia, mke wake? Boksi la NAS unachomeka diski mbili, unafuata maelekezo kwenye skrini, diski moja ikifa inapiga alamu na unaibadilisha. Inakula umeme kidogo, haina kelele, inakaa juu ya kabati hakuna anayejua ipo. Mimi nyumbani ninayo na mtu yeyote anaweza kuitumia.

Na hilo suala la diski moja ya tera 4 ndo linanitisha zaidi, diski moja ikifa si imekwenda yote? Lazima ziwe mbili zinazofanana ndani kwa ndani.

---

fundi_kebo_AR (Arusha)

Chalii hoja ya mke nimeikubali, ni ya kweli kabisa. Ila angalia bajeti, laki nane ukinunua boksi jipya diski utanunua na nini? Na maboksi ya bei ya chini ndo yaleyale yasiyoweza kugeuza video, mfano Synology DS223j ina RAM giga moja tu na haiongezeki, hapo programu nzito za picha sahau. Kwa kushea mafaili ni kifaa kizuri, kwa alichoomba huyu haitoshi.

Kuhusu diski mbili zinazofanana, hapa naomba tuwe makini maana watu wanapoteza vitu kwa kuamini hili. Huo mpangilio unaitwa RAID, unakusaidia diski ikifa peke yake, huduma haisimami, basi. Mtoto akifuta folda la sendofu limefutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyohiyo. Radi ikiingia imepiga zote mbili, mwizi akibeba boksi kabeba zote mbili, kirusi kikifunga mafaili kimefunga zote mbili. Mtu mwenye pesa ya diski mbili, ya pili aiweke nje ya mashine na nje ya nyumba. Huyu ndugu tayari ana hadidiski za nje tatu! Akishakopi kila kitu kwenye seva zile tatu zinakuwa bakapu, asizifute, asizitumie kwa kitu kingine, hajatoa hata senti.

Ila hizo tatu zikague kwanza. Kwenye Windows weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, angalia ile namba 05 na C5, sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Zikiwa sifuri una amani, C5 ikianza kupanda hiyo diski usiiamini hata kama inafunguka vizuri. Na ukinunua diski ya mtumba angalia saa ilizofanya kazi, mwaka mmoja ni saa 8,760, kuna diski zinatolewa kwenye mashine za CCTV zimekimbia miaka mitano mfululizo zinauzwa zimefutwa vumbi zinang'aa.

---

MamaWawili_Njiro (Arusha)

Habarini wote. Mimi nichangie kwenye picha za simu maana naona mmeng'ang'ania video tu, na kwangu picha ndo zilifanya nyumba nzima ikubali kuwa na hii seva.

Kaka tumia Immich. Unaiweka kwenye hiyohiyo kompyuta, kwenye simu unaweka programu yake, unachagua ipandishe picha ukiwa kwenye waifai ya nyumbani tu, basi, mama akirudi kutoka kazini simu yenyewe inatuma. Mume wangu hana habari na mambo ya kompyuta lakini leo anatafuta "gari nyekundu" au anagusa sura ya mtoto anaona picha zake zote toka akiwa mchanga. Kila mtu anakuwa na akaunti yake, yangu haoni mpaka nimemshirikisha. Watu walikuwa wanaiogopa kwasababu ilikuwa inabadilika badilika kila apdeti, ila Oktoba 2025 wametoa toleo la 2.0 wakasema sasa ni imara.

Jambo moja tu nakusihi. Picha zenyewe ziko kwenye folda lakini albamu, majina ya sura, nani kashirikishwa nini, hivyo vyote viko kwenye databesi. Ukibakapu picha peke yake siku ya shida utarudishiwa rundo la picha zisizo na mpangilio. Immich yenyewe inatengeneza nakala ya databesi kwenye folda lake la backups, hakikisha na hilo folda linaenda kwenye bakapu.

Na video za ukoo zikishakaa kwenye seva, akaunti za watoto na wageni zipe ruhusa ya kusoma tu. Desemba nyumba ina watoto kumi na rimoti moja, usimwachie mtu yeyote uwezo wa kufuta.

---

kijana_wa_soweto (Moshi)

Dada ahsante sana, hilo la databesi hakuna aliyewahi kuniambia. Fundi nimeangalia hizo diski, mbili ni sifuri zote, moja C5 inasoma 8, kwahiyo hiyo naihamisha ya kwanza.

Umeme sasa. Na wazazi, Machame hakuna faiba, wanatumia bando la simu, tutafanyaje?

---

mzee_machame (Moshi)

Vijana hamjambo. Mimi ni fundi umeme, hayo ya Immich mnayajua nyie, ila umeme na radi za huku juu nazijua.

Kijana, nunua UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, kabla ya kununua hiyo diski mpya. Si lazima kubwa, 650VA inatosha, ndani ina betri moja ya volti 12 Ah 7, kwa mzigo wa hiyo kompyuta na ruta yako itakupa kama saa moja betri ikiwa mpya. Muhimu siyo ile saa, muhimu ni kwamba iwe na waya wa USB wa kuongea na kompyuta, ili betri ikishuka kompyuta ijizime yenyewe taratibu. Kuzimika ghafla wakati diski inaandika ndiko kunakoharibu. Na tivi usichomeke kwenye UPS, wala pasi, nimekuta watu wamefanya hivyo. Betri yake ukiona haifikishi hata dakika kumi ibadilishe, zinachoka ndani ya miaka michache.

Pili ethi, yaani waya wa ardhini. Hivi vizuia umeme mkubwa vinavyouzwa, kazi yake ni kuupeleka ule umeme ardhini. Kama nyumba haina ethi ya maana hauna pa kwenda na utapita kwenye vitu vyako. Mwite fundi apime, siyo aangalie tu kama waya upo. Tena kama una kebo ya mtandao inayopita nje kutoka nyumba kubwa kwenda ya uani hiyo itoe, radi ikipiga karibu inaingia na hiyo kebo mpaka kwenye ruta. Masika ikianza kunguruma chomoa, hakuna kifaa kinachoshinda kuchomoa.

Gharama usiogope. Kompyuta ya hivyo ikiwa imetulia na diski moja inakula wati 20 mpaka 25, kwa mwezi ni uniti 14 mpaka 18. Sisi wa tarifu ya kawaida elfu kumi ya LUKU inatoa uniti 28 hivi, hesabu mwenyewe. Ila kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, angalia isikuvushe, ukivuka bei ya uniti inaruka sana.

Sasa wazazi wako. Mimi ni mzazi, nikwambie ukweli, usitupe mambo ya kustrimu kwa bando. Video ya kawaida inayotembea kwa megabiti 5 kwa sekunde inakula zaidi ya giga mbili kwa saa, harusi moja ina saa tatu, nani atanunua hilo bando? Chukua moja ya zile diski nzima, ijaze video zote, wapelekee na boksi la Android lichomekwe kwenye tivi yao. Ukipanda kuwasalimia unaenda na diski ya pili yenye mapya, unabadilishana. Kwa hiyo wao wanaangalia bila mtandao na wewe unakuwa na nakala iliyo nje ya nyumba yako, ile ambayo fundi wa Arusha anaisema.

---

fundi_kebo_AR (Arusha)

Shikamoo mzee. Aisee hili la kubadilishana diski ni bora kuliko lolote nililokuwa nataka kuandika, kijana fanya hivyohivyo. Naongeza tu kwamba ile diski yenye C5 isiwe mojawapo, na hiyo inayokaa Machame weka video tu, picha za simu zenu na mambo binafsi ziende kwenye nyingine iliyofungwa kwa nywila.

---

mzee_machame (Moshi)

Marahaba. Hapo sawa.

---

kijana_wa_soweto (Moshi)

Mzee wangu shikamoo, ahsante sana, hilo nimelichukua kama lilivyo, Jumamosi napanda nikaangalie hiyo ethi yao pia. Imebaki dada wa Dar, nimejaribu kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta kama wanavyoelekeza kwenye video mbalimbali haifunguki. Na swali la mwisho, nikishaweka Jellyfin hizi video nazipangaje, maana majina yao ni kama MVI_0034 tupu?

---

fundi_kebo_AR (Arusha)

Poti usihangaike nayo. Ingia kwenye ruta angalia anwani yako ya upande wa nje, kama inaanza na 100 na namba ya pili iko kati ya 64 na 127 maana yake uko nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine, ufungue poti usiku kucha hakuna kitakachoingia. Na hata kama ingefunguka nisingekushauri kuiacha Jellyfin wazi kwa dunia nzima. Weka Tailscale kwenye seva na kwenye simu ya dada, inatengeneza njia ya siri kati ya vifaa vyenu tu na haijali hiyo hali ya ruta. Seva itapewa anwani nyingine inayoanza na 100, usichanganye na ile ya kwenye ruta, dada anaandika hiyo, nukta mbili, 8096, anaona kila kitu. Akaunti yake kwenye Jellyfin mwekee kikomo cha kasi cha megabiti 2 au 3, hapo seva itapunguza video kabla ya kutuma na ndo pale prosesa ya kizazi cha 7 inapokulipa. Pia pima kasi yako ya kupandisha, siyo ya kushusha, wengi wanaangalia ya kushusha tu alafu wanalaumu seva.

Tivi ya sebuleni ichomeke kwa kebo kama unaweza, Cat5e inatosha kabisa mpaka mita 100, ila ikague ni shaba yenyewe, kuna nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu, ikwangue kidogo kwa kisu utaona nyeupe ndani.

Majina. Ukitengeneza maktaba kwenye Jellyfin itakuuliza ni ya aina gani, usichague filamu, chagua ile ya video za nyumbani na picha. Ukichagua filamu itaenda mtandaoni kutafuta filamu zenye majina yanayofanana na kukubandikia mabango ya watu usiowajua juu ya harusi ya shangazi. Alafu kila tukio folda lake linaloanza na mwaka, mwezi, tarehe, ndo jina, mfano 2008-12-27 Kipaimara na jina la mtoto, zitajipanga zenyewe kwa kufuatana. Tukio usilojua tarehe yake andika mwaka peke yake. Zile za babu zipe maktaba yao peke yake, na kabla hujazipa majina kaa na mzazi wako mmoja mziangalie pamoja, uandike kwenye faili la maandishi ndani ya folda hilohilo nani anaonekana na ni mpaka gani anaousema, maana hayo hakuna programu itakayokutafutia.